KINYWAJI NI KILE KILE, SURA NDIYO MPYA: Historia ya matangazo ya soda hadi kufika kwenye futari yetu



 Hebu tuzungumzie jambo ambalo liko mbele ya macho yetu kila Ramadhani lakini aghalabu hatulisemi. Mwezi ukikaribia kuandama, mabango ya barabarani hubadilika. Utaona mwezi mchanga, kandili, jamaa wamezunguka sinia, tende zimepangwa vizuri, na katikati ya hayo yote chupa ya soda inatiririka matone ya baridi. Redioni sauti nzuri inatutakia Ramadhani Kareem. Anayetutakia si imamu wala si jirani wa mlango wa pili. Ni kampuni ya vinywaji.

Kututakia heri si vibaya, na soda yenyewe kwa asili si haramu. Lakini kijana mwenye akili yafaa ajiulize: kinywaji kilichozaliwa katika duka la dawa huko Marekani kimefikaje karibu na tende zetu? Nani alikialika? Jibu la swali hili ni historia ya zaidi ya miaka 130, na ni historia inayofaa kujulikana na kila mzazi na kila kijana, maana inatuhusu sisi tunaonunua kuliko inavyowahusu wao wanaouza.

DAWA YA KICHWA

Mwaka 1886 mjini Atlanta, jimbo la Georgia, aliishi mtengeneza dawa kwa jina John Pemberton. Huyu alikuwa ameumia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, na maumivu yakamfanya awe mtumwa wa mofini. Kabla ya hapo alikuwa akiuza mvinyo uliochanganywa na majani ya koka. Wakati huo mji wa Atlanta ukapitisha sheria ya kupiga marufuku pombe. Pemberton akaona biashara yake itakufa, akatoa mvinyo, akatia shira ya sukari, na ikawa inachanganywa na maji ya gesi. Mhasibu wake, Frank Robinson, ndiye aliyebuni jina la Coca-Cola na kuliandika kwa ule mwandiko wa kupinda ambao mpaka leo haujaachwa.

Hapo mwanzo iliuzwa kama dawa. Ati inaondoa maumivu ya kichwa na kuchangamsha ubongo! Mwaka wa kwanza ziliuzwa wastani wa glasi 9 kwa siku, yaani hata kibanda cha chai cha mtaani kwetu kinaishinda. Pemberton alifariki mwaka 1888, kabla ya kuonja utajiri wowote.

Aliyeleta mageuzi ni mfanyabiashara Asa Candler, aliyezinunua haki za kinywaji hicho kwa jumla ya dola 2,300 hivi. Candler aligundua jambo kubwa. Mtu mwenye maumivu ya kichwa huja dukani mara moja moja, lakini kila binadamu hupata kiu kila siku. Basi maneno ya dawa yakaanza kupungua na maneno ya raha na burudani yakaongezeka. Akatoa kuponi za glasi ya bure. Kati ya mwaka 1894 na 1913 inakadiriwa zilitolewa glasi milioni 8.5 bila malipo. Akagawa kalenda, saa za ukutani, sinia na mizani, vyote vikiwa na jina lile lile kwa mwandiko ule ule. Mwaka 1892 kampuni ilitumia kama dola 11,000 kwa matangazo. Ilipofika 1911 ilikuwa imepita dola milioni moja kwa mwaka.

Hebu tusimame hapo kidogo. Katika miaka hiyo bei ya glasi ilikuwa senti 5, na ikabaki senti 5 hiyo hiyo kwa karibu miaka 70. Sukari, maji na gesi ni vitu rahisi ambavyo kila mtu angeweza kuvichanganya, na waigaji walikuwa wengi. Fedha nyingi haikumwagwa kwenye glasi, ilimwagwa nje ya glasi. Kilichokuwa kinajengwa ni jina.

CHUPA INAYOJULIKANA GIZANI

Waigaji walipozidi, mwaka 1915 watengenezaji wa chupa walipewa kazi ya ajabu. Watengeneze chupa ambayo mtu ataitambua kwa kuipapasa gizani, na hata ikivunjika vipande chini, akiona kipande ajue ni ya nani. Kampuni ya Root Glass ya mji wa Terre Haute, jimbo la Indiana, ndiyo iliyoshinda. Waliichora kwa kuigiza umbo la tunda la kakao, ingawa kakao wala haimo ndani ya soda hiyo!

Hapa tunapata somo la kwanza. Jicho, mkono na sikio vilifundishwa kabla ya ulimi. Rangi nyekundu, mwandiko, umbo la chupa, mlio wa kizibo kikifunguka: vyote hivi ni matangazo, hata pale ambapo hakuna tangazo lolote. Mtoto ambaye hajajua kusoma anaitambua chupa. Kabla hajaijua herufi ya kwanza ya jina lake, ameshalijua jina la kampuni.

KUIINGIA SIKUKUU YA WATU

Mwaka 1923 Robert Woodruff alikuwa rais wa kampuni, na aliiongoza kwa miongo mingi. Siasa yake ilikuwa kwamba soda iwe karibu na mkono wa kila mtu wakati wowote anapoitamani. Lakini palikuwa na tatizo moja. Watu walikuwa wakinywa soda wakati wa joto tu. Baridi ya Marekani ikiingia na theluji ikianguka, nani ataka kinywaji cha barafu?

Mwaka 1931 kampuni ilimpa kazi mchoraji Haddon Sundblom. Akamchora yule mzee wa Krismasi, Santa Claus, mnene, mwekundu wa mashavu, mchangamfu, ameshika chupa ya soda mkononi. Wengine husema kampuni hii ndiyo iliyombuni mzee huyo au kumvika nguo nyekundu. Hilo si kweli, maana nguo nyekundu alikuwa nazo tangu karne ya nyuma yake. Walichofanya ni kumwazima mzee ambaye watoto tayari wanampenda, wakamweka chupa mkononi, na wakarudia picha hiyo mwaka baada ya mwaka kwa zaidi ya miaka 30, mpaka ikawa vigumu kwa Mmarekani kuwaza sikukuu bila kuwaza soda.

Ndugu msomaji, kumbuka jambo hili, tutalihitaji huko mbele. Kampuni haikuuza soda kwa kusema soda ni tamu. Ilitafuta siku ambayo watu wana furaha tayari, familia imekusanyika tayari, mapenzi yapo tayari, ikaketi katikati yao. Furaha haikuletwa na soda. Soda ndiyo iliyokuja kuomba sehemu ya furaha, na baada ya miaka michache ikaanza kusema kwamba ndiyo iliyoileta.

SODA YAENDA VITANI

Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia mwaka 1941, Woodruff alitangaza kuwa kila mwanajeshi wa Marekani, popote alipo, atapata chupa kwa senti 5 bila kujali gharama ya kuifikisha. Mwaka 1943 makao makuu ya Jenerali Eisenhower huko Afrika Kaskazini yalituma telegramu kuomba chupa milioni 3 pamoja na mitambo ya kujazia. Hadi vita vilipomalizika, mitambo 64 ilikuwa imefungwa katika maeneo mbalimbali ya dunia. Huko nyumbani sukari ilikuwa ya mgao, lakini soda ya wanajeshi haikubanwa na mgao huo.

Askari aliye mbali na mamake, hajui kama ataiona kesho, akipewa chupa ile anakumbuka nyumbani. Je, hiyo si sura ambayo fedha haiwezi kuinunua? Amani iliporudi, mitambo ilibaki kule kule, na biashara ya dunia nzima ikawa imeshafunguliwa njia.

Upande wa pili wa vita nao haukuachwa. Ujerumani ilipokatiwa shira kutoka Marekani, meneja wa kule, Max Keith, alitengeneza kinywaji kingine mwaka 1940 kwa mabaki ya kutengenezea jibini na makapi ya matofaa. Jina lake likawa Fanta. Ile Fanta ya machungwa tunayoijua ilikuja baadaye, mwaka 1955, kule Naples, Italia. Basi kijana wa leo anayekunywa Fanta kwa kuona ni kinywaji cha raha na rangi, hana habari kwamba jina lile lilizaliwa katika nchi ya Hitler wakati wa njaa ya vita. Tangazo lilifuta kumbukumbu moja na kupaka nyingine juu yake.

PEPSI: KUUZA UJANA

Pepsi-Cola nayo ilitoka duka la dawa. Caleb Bradham wa mji wa New Bern, North Carolina, aliipa jina hilo mwaka 1898. Katika miaka ya dhiki ya uchumi ya 1930 iliponea kwa ujanja mmoja tu, kuuza chupa kubwa karibu mara mbili kwa bei ile ile ya senti 5. Mwaka 1940 wakatunga wimbo mfupi wa redioni kuhusu bei hiyo, ukaimbwa nchi nzima. Wateja wakaja, lakini kwa sura ya kinywaji cha mnyonge.

Mwaka 1947 Pepsi ilimwajiri Edward Boyd kuongoza kikosi cha wauzaji weusi. Enzi hizo matangazo mengi ya Marekani yalimdharau mtu mweusi au hayakumwonyesha kabisa. Kikosi cha Boyd kikaonyesha familia nyeusi zenye heshima na wasomi weusi waliofaulu. Walisafiri katika majimbo ambayo hawakuruhusiwa kulala katika hoteli za wazungu. Mauzo yakapanda. Lakini wakubwa wa kampuni wakaanza kuhofia kwamba kinywaji kitaitwa cha watu weusi, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikosi kikavunjwa. Tusiwanyime Boyd na wenzake haki yao, kazi yao ilikuwa ya maana. Ila tujue pia kwamba heshima inayotoka kwa muuzaji huisha pale hesabu zinapobadilika.

Mwaka 1963 Pepsi ikapata ufunguo mwingine. Badala ya kusifu kinywaji, ikamsifu anayekinywa. Ikawaambia vijana wa Marekani kwamba wao ni kizazi kipya, na kizazi hicho kina kinywaji chake. Tazama ujanja! Hakuna aliyezungumzia ladha. Kijana anaambiwa wewe ni wa kisasa, wazee hawakuelewi, na dalili ya usasa wako ni chupa hii. Kuanzia hapo njia hiyo imetumiwa kuuza viatu, simu, nguo na mambo chungu nzima. Miaka ya 1980 wakamchukua Michael Jackson kwa mamilioni ya dola. Mwezi Januari 1984, akiigiza tangazo hilo, fataki ziliwaka kabla ya wakati na nywele zake zikashika moto, akaungua kichwani. Kampeni haikusimama.

Coca-Cola nao hawakulala. Mwaka 1971, Marekani ikiwa imezama katika vita vya Vietnam, waliwakusanya vijana wa mataifa mbalimbali juu ya kilima karibu na Rome wakaimba kuhusu umoja na amani, kila mmoja na chupa yake. Watu walilia. Wimbo ukapendwa hadi ukarekodiwa upya kama wimbo wa kawaida. Vita viliendelea, soda ikauzika.

ULIMI UNAPOSHINDWA NA JINA

Je, ni kweli watu hununua sura kuliko ladha? Ushahidi upo. Kuanzia 1975 Pepsi iliwapa watu vikombe viwili bila majina waonje, na wengi wakachagua Pepsi. Coca-Cola wakaingiwa na hofu. Wakatengeneza ladha mpya, wakaionjesha kwa watu karibu 200,000, wengi wakasema ni tamu kuliko ya zamani. Tarehe 23 Aprili 1985 wakaitoa sokoni na kuiondoa ile ya zamani.

Kilichotokea hawakukitarajia. Simu za malalamiko zikafika kama 1,500 kwa siku. Watu wakaweka akiba za makreti majumbani kana kwamba kuna njaa inakuja. Tarehe 11 Julai mwaka huo huo, baada ya siku 79, kampuni ikatangaza kuirudisha ya zamani. Yaani ladha waliyoisifu wenyewe wakiwa hawajui jina, waliikataa walipojua. Hawakuwa wanalilia sukari, walikuwa wanalilia utoto wao, sikukuu zao, na baba aliyerudi kutoka vitani.

Mwaka 2004 wataalamu wa Houston, Texas, walichapisha utafiti uliotumia mashine za kupiga picha ubongo. Watu walipoonja bila kujua jina, hapakuwa na kubwa la kutenganisha vinywaji viwili hivi. Walipoambiwa hii ni Coca-Cola, sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu zikaamka. Basi tangazo halikai barabarani tu, linahamia kichwani na kujenga chumba chake.

SODA NA ULIMWENGU WA KIISLAMU

Sasa tuje karibu na kwetu. Mwaka 1966 Coca-Cola ilikubali kufungua kiwanda Israel, na kuanzia 1968 nchi za Jumuiya ya Kiarabu zikaisusia hadi 1991. Miaka hiyo yote Pepsi ilitawala masoko ya Ghuba, na ndiyo maana mpaka leo wengi huko wakitaja soda hutaja Pepsi. Iran kulikuwa na kampuni ya Zamzam iliyokuwa ikijaza Pepsi. Baada ya mapinduzi ya 1979 ikawa soda ya nchi.

Mwaka 2002 Tawfik Mathlouthi alianzisha Mecca-Cola huko Ufaransa, akaahidi sehemu ya faida iende kwa Wapalestina na misaada mingine. Mwaka 2003 ikafuata Qibla Cola mjini Derby, Uingereza, lakini ilipofika 2005 ilikuwa imeshafilisika. Nia ya wengi waliozinunua ilikuwa njema. Ila tukipima kwa mizani ya historia tuliyoisoma, tunaona jambo la kufikirisha. Ndani ya chupa mlikuwa na sukari ile ile na gesi ile ile. Kilichobadilika ni jina, na safari hii majina yaliyotumika ni ya vitu vitakatifu. Kususia ni uamuzi wenye hoja zake, lakini kuhama kutoka sura moja hadi nyingine bila kubadili mazoea ni kuhama chumba ndani ya nyumba ile ile.

Mwaka 2010 Kombe la Dunia lilipochezwa Afrika Kusini, wimbo wa Coca-Cola ulikuwa wa K'naan, kijana Msomali aliyekimbia vita vya Mogadishu akaishia Canada. Vijana wetu waliuimba kutoka Eastleigh hadi Lamu. Wimbo wa asili ulisimulia vita, dhiki na kutawanyika kwa watu wake. Toleo la soda liliondoa machungu hayo likabakisha bendera na shangwe. Hakuna lililoeleza vizuri zaidi kazi ya tangazo kuliko hilo: huchukua hadithi yako, hutoa maumivu, hukurudishia ikiwa na nembo.

Sura hiyo hata hivyo inaweza kupasuka. Tangu vita vya Gaza vilipoanza Oktoba 2023, watu wengi katika nchi za Kiislamu wamesusia soda za Marekani, na Novemba mwaka huo bunge la Uturuki liliziondoa bidhaa za Coca-Cola katika mikahawa yake. Juni 2024 tangazo la kampuni hiyo nchini Bangladesh, lililotaka kuwatuliza watu, likaamsha hasira zaidi. Jina lililojengwa kwa hisia hubomolewa kwa hisia.

VIMTO NA MAGHARIBI YA GHUBA

Kisa kinachotugusa zaidi ni cha Vimto. Wenye jamaa Oman, Dubai au Saudia wanaijua chupa ile ya zambarau. Wengi hudhani ni kinywaji cha Waarabu. La hasha! Ilibuniwa mwaka 1908 na John Noel Nichols mjini Manchester, Uingereza, kwa zabibu, matunda ya beri, mitishamba na viungo. Iliuzwa kama dawa ya kutia nguvu, hasa katika maduka ya watu waliokuwa wakipiga vita ulevi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 familia ya Aujan ikaanza kuiingiza Ghuba, na kuanzia 1979 ikawa inatengenezwa Dammam.

Kwa nini Ramadhani? Sababu ya kwanza ni ya kweli. Ni sharubati nzito, chupa moja yatosha watu wengi, na sukari yake humpa nguvu haraka mtu aliyefunga. Sababu ya pili ni matangazo yanayorudi kila mwaka mwezi huu huu, yakionyesha babu, wajukuu, jagi na adhana ya magharibi. Kizazi cha kwanza kilinunua kwa sababu ni tamu. Kizazi cha tatu kinanunua kwa sababu bila hiyo ati si Ramadhani. Ni ile ile njia ya mzee wa Krismasi, ila safari hii sikukuu ni yetu.

Makampuni makubwa nayo yamejifunza. Ramadhani ya 2015 Coca-Cola ilitoa huko Mashariki ya Kati makopo yasiyo na jina lake, ikibaki na alama tu, kwa ujumbe kwamba tusiwahukumu watu kwa majina tunayowabandika. Ujumbe mzuri, nani ataupinga? Lakini fikiria: kampuni imefikia kiwango cha kuondoa jina lake na bado ukalisoma.

NA HAPA KWETU?

Coca-Cola ipo Kenya tangu 1948. Tembea Kisauni, Majengo, Garissa au Isiolo, uhesabu maduka yaliyopakwa rangi nyekundu na vibao ambavyo jina la mwenye duka ni dogo na jina la soda ni kubwa. Mwenye duka hupata kibao au friji, kampuni hupata ukuta. Shule zetu zimecheza mpira katika mashindano yenye jina la soda. Tumezoea mpaka hatuoni.

Matokeo yake tunayaona nyumbani. Mgeni akija, ukimpa maji ya ukwaju unaonekana humheshimu. Sharti mtoto atumwe soda mbio. Arusi bila makreti ni aibu. Iddi ikikaribia, baba wa kibarua anakopa dukani ili watoto wake wasionekane wanyonge mbele ya wa jirani. Na mtoto anayekataa juisi ya mabungo aliyoikamua bibi yake, akisema hiyo ni ya kizamani, hajatoa maneno hayo kinywani mwake. Aliwekewa.

Tena kuna afya. Kopo la kawaida la mililita 330 la kola huwa na kama gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isipite kama gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana iwe 25. Kopo moja baada ya adhana, juu ya kaimati na vitumbua, hesabu imekwisha. Saudia na Falme za Kiarabu, nchi zenye futari zilizojaa soda kuliko zetu, mwaka 2017 zilitoza soda ushuru wa asilimia 50. Nani asiyemjua mtu mtaani kwake anayechomwa sindano ya sukari?

TUFANYE NINI?

Hatusemi soda ivunjwe vunjwe. Anayependa na anywe kwa kiasi, dini yetu imekataza israfu na haikukataza ladha. Tunachoomba ni kujua tunanunua nini.

Kwanza, wazazi wakae na watoto tangazo likitokea kwenye televisheni, wawaulize: limesema nini kuhusu kinywaji chenyewe? Mara nyingi jibu ni hakuna. Limeonyesha mama, furaha, marafiki, mpira. Mtoto akishaona hilo mara tatu, tangazo limepoteza nusu ya nguvu zake.

Pili, turudishe heshima ya vinywaji vyetu. Ukwaju, mabungo, madafu, maji ya ndimu, uji wa asubuhi ya daku. Havina mchoraji wala mwimbaji wa kuvitangaza. Sisi ndio matangazo yake. Akina mama wakivimimina kwenye glasi nzuri mbele ya wageni, na vijana wakivinywa bila haya, sura itajengeka yenyewe.

Tatu, tusimpime mtu kwa kilicho mezani kwake. Kampuni inauza aibu pamoja na soda, na aibu hiyo inauzika kwa sababu sisi kwa sisi tunaangaliana. Siku jirani atakapoweka jagi la maji bila kuona haya, matangazo yote yatakuwa yamekosa pa kushika.

Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akifungua kwa tende, na asipozipata, kwa maji. Tende na maji havikuwahi kuhitaji bango. Miaka 1,400 na zaidi imepita, kila magharibi Waislamu kutoka Indonesia hadi Lamu wanavipokea kwa furaha, na furaha ile hailetwi na chupa. Inaletwa na saa zile tulizosubiri, na Yule tuliyemsubiria.

Allah atukubalie saumu zetu, atupe akili ya kupambanua, na atuhifadhie familia zetu. Amin.